Mwaka wa Maharage Yasiyoiva

Kwenye kilio cha Papa Kalenga tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuona kama kweli hapa ndipo penye msiba. Haikuwa dharau. Mzee alikwenda akiwa ameshiba siku zake, usingizini, na sisi tuliofanya naye kazi katika kamati tulikaa uani kwake, mtaani Kikula, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, tukimwiga alivyokuwa akisafisha koo kabla ya kusema "Waheshimiwa". Mara mmoja akauliza, jamani, mnaikumbuka ile memorandumu? Basi, hapo hata mjane alijifunika kitenge usoni, mabega yakaanza kumtikisika, na si kwa machozi. Mimi nililia baadaye, nyumbani, nimeshavua viatu, na nililia kweli. Lakini pale kilioni kuna kijana wa kamati ya leo aliyenisogelea, akaniita dada mkubwa kwa namna yetu, akaniuliza, "Yaya Bea, ile maji ya robine mulipata namna gani?" Kabla sijajibu habari za bomba hilo akajijibu mwenyewe kwamba bila shaka tulikuwa na msomi aliyeandikia Ulaya barua nzuri. Nilimwambia hapana, kaa chini, barua nzuri ndiyo iliyotuchelewesha.

Habari za kuzaliwa kwangu hazimsaidii mtu, naziruka. Itoshe kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina diploma ya usekretari na sina kazi, na nilijua kupiga taipu bila kutazama vidole. Kwa ujuzi huo mmoja Papa Kalenga, mwalimu mstaafu na prezida wa kamati ya haki za binadamu ya mtaa wetu, alinifanya katibu wake. Ofisi yetu ilikuwa sebule yake: meza yenye nailoni ya maua, viti vinne vilivyovishwa vitambaa vya kufuma, kabati la chuma ambalo droo yake ya pili haikufunguka mpaka uipige teke, na pazia la kijani lililotutenga na jiko. Pazia lile ndilo lililonifunza kazi kuliko semina zote nilizokuja kuhudhuria baadaye. Upande huu tulikuwa tukisema "kwa kuzingatia" na "kwa kuwa", upande wa pili Mama Prezida, mkewe, na wenzake walikuwa wakisonga bukari, ugali wetu, wakikaanga bitoyo, na kutusema. Harufu ya wale samaki wa chumvi ilipopenya, Papa Kalenga alikuwa akiahirisha ajenda yoyote iliyokuwa mezani, na tukila alikuwa akituomba radhi kwa udogo wa vipande hata vilipokuwa vikubwa.

Shida yenyewe ilikuwa maji. Nyuma ya mtaa wetu kuna kiwanda kinachosafisha shaba na kobalti kwa asidi, na kilipopanuliwa mfereji wake ulianza kutoa maji ya rangi ya majani yaliyooza, yakipita kando ya kiwanja cha Mama Astrida. Mama Astrida alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya reli. Kisima chake yeye na marehemu mumewe walikichimba kwa mikono yao, na njia tatu nzima za mtaa zilichota hapo. Pembeni alikuwa na bustani ya lengalenga na vitunguu, mboga alizobebesha watu wa baiskeli mpaka barabara ya Buluo, na bustani ile ndiyo iliyomlisha. Mwaka ule majani yalianza kuungua kingo. Maji ya kisima yakawa makali, yanakaza ulimi, sabuni haitoi povu, watoto wanashika matumbo. Kaka yake alikuwa amekwisha kumtumia ujumbe kutoka Kolwezi: funga nyumba, uje. Mama Astrida hakutaka kwenda Kolwezi kukaa chumba cha nyuma kwa wifi yake. Alitaka kubaki kwake na kunywa maji, basi, wala hakuna aliyekuwa akigombania kitu kikubwa kuliko hicho.

Tulikwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, tukaambiwa tuandike. Tukaandika, tukaambiwa twende kiwandani. Kiwandani mlinzi alikuwa mpole sana, alitupa kivuli cha kusimama, na kila mara alitwambia mkubwa ametoka. Safari ya tatu, nimesimama pale tangu asubuhi miguu inaniwaka, sina la kufanya, nikaanza kusoma ubao mkubwa wa mradi uliochomekwa getini. Wote tulikuwa tumeupita mara mia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la benki ya Ulaya iliyokopesha kiwanda kwa ajili ya upanuzi. Niliandika jina lile kiganjani kwa kalamu. Jioni nililipeleka sibere, duka la kompyuta karibu na soko, na baada ya umeme kukatika mara mbili nikakuta kwamba benki ile ina ofisi maalumu ya kupokea malalamiko ya watu waliodhurika na miradi inayoikopesha. Nilirudi mbio mpaka kwa Papa Kalenga nikamkuta ananyoa ndevu. Akatoka na sabuni shavu moja, akanisikiliza, akasema, "Bea, historia inatutazama." Nikaona ngozi inanisisimka, na mpaka leo sijui kama ilikuwa kwa ajili ya historia au kwa ajili ya ile sabuni.

Memorandumu aliiandika kwa muda wa wiki mbili, kwa Kifaransa cha kupigia saluti. Kurasa kumi na moja. Ilianza na salamu kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, familia yake na washirika wake, ikashuka mpaka enzi mji wetu ukiitwa Jadotville, ikasimama kidogo kwenye mgodi wa urani wa Shinkolobwe, ikahukumu ukoloni, na kwenye ukurasa wa nane ndipo yalipotokea maji. Yalipotokea yaliitwa mauaji ya kimbari. Madai yalikuwa kumi na manne. Nilimwuliza kwa upole, Papa, mauaji ya kimbari kweli? Akasema watu wa mbali ukiwaambia kwa sauti ndogo hawasikii. Kisha ikaja mihuri. Kwetu karatasi bila muhuri ni karatasi ya kufungia karanga, kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo tulizunguka mji mzima kwa miguu kuitafuta: muhuri wa parokia, wa kwaya, wa kamati ya wazazi, wa timu ya mpira, wa chama cha wabeba makaa kwa baiskeli, mpaka wa kikundi cha maombi cha kina mama Wapentekoste, ambao Papa Kalenga, Mkatoliki wa kufa na kupona, aliwaita siku hiyo "dada zetu wapendwa". Ukurasa wa mwisho uligeuka zambarau. Tulipoutuma pale sibere tulipiga makofi, tukanunua Fanta na mikate ya kukaanga, na abe, padri wa parokia, akatubariki pamoja na kompyuta.

Jibu lilikuja baada ya majuma mengi, tulipokuwa tumeanza kusema kwamba wamenunuliwa. Lilikuwa fupi, na la heshima. Walitushukuru, kisha wakauliza. Ni nani waliodhurika, na je, wamekubali ninyi mseme kwa niaba yao? Wameona nini, tangu lini? Mmekwisha kukiambia nini kiwanda, nacho kilijibu nini? Wenyewe wanataka nini kifanyike? Mwaweza kuandika kwa lugha yoyote mnayoitumia, na anayeogopa jina lake tutalificha. Papa Kalenga aliisoma mara tatu amesimama. "Wameuliza nani amedhurika," akasema taratibu. "Kurasa kumi na moja, na wameuliza nani." Akaketi. Nilimhurumia sana. Hapo ndipo pazia likafanya kazi yake. Jikoni wanawake walikuwa wakichambua maharage, tukasikia sauti ya Mama Astrida, ambayo haikujua kunong'ona.

"Balisema jenosidi. Jenosidi wapi? Ni maji. Iko kali, sabuni haitoke povu, maharage haiive. Unaweka pa mbabula asubuyi, jua inashuka, iko nguvu sawa majiwe. Njo ile. Kama baliniuliza ningebaambia."

Papa Kalenga akasafisha koo. "Mama Astrida, ingia."

Aliingia na sinia lake la maharage kiunoni, akatutazama, akaitazama ile karatasi ya zambarau juu ya meza. Nilimfasiria jibu la benki neno kwa neno. Nilipofika pale penye "wamekubali ninyi mseme kwa niaba yao", alinyanyua kidole nikanyamaza, akakielekeza kwenye ile mihuri.

"Papa Prezida, aksanti kwa kazi. Kwaya ilisinye. Ba mupira balisinye. Hata bale ba maombi balisinye. Kisima ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Na miye, nani aliniuliza?"

Niseme ukweli wangu: niliona aibu, kwa sababu mihuri ile niliizungukia mimi kwa miguu yangu, na mara mbili nilipita mbele ya mlango wake, nikamsalimu, nikaendelea na safari. Tulikuwa tumempigania bila kumwambia. Nimekaa katika mashirika mengi tangu hapo, nimeona wasomi wenye gari na vesti zenye mifuko wakifanya kosa lilelile kwa karatasi nzuri zaidi, na kila mara namwona mama yule amesimama sebuleni na sinia. Papa Kalenga alifanya jambo ambalo namheshimu kwalo mpaka kesho. Alinyanyuka kwenye kiti chake cha uprezida, kile chenye mto, akamkaribisha. "Keti, mama. Bea, chukua karatasi mpya. Andika anavyosema yeye."

Niliandika kwa Kiswahili chetu, kilekile cha uani. Mama Astrida alisema maji yalianza kuwa makali msimu wa mvua uliopita, juma la pili baada ya mfereji kufunguliwa, na anakumbuka kwa sababu lilikuwa juma la ubatizo wa mjukuu na maharage ya sherehe yaliwatia aibu mbele ya wageni. Papa Kalenga akashtuka hapo. Alikuwa amejizuia muda mrefu, maskini.

"Mama, tusamehe. Tunaandikia taasisi ya kimataifa. Haki za binadamu na maharage..."

"Aa, Papa! Sasa binadamu anakulaka wapi? Pa biro?"

Jiko zima likaicheka ofisi yetu. Mama Prezida akatoa kichwa kwenye pazia akasema, "Amekupata, baba yake Jeanne." Maharage yakaandikwa. Wengine wa mtaa waliitwa mmoja mmoja, siku tatu mfululizo, nao kila mmoja alisema lake, na wawili kati yao waliomba majina yao yafichwe kwa sababu watoto wao walikuwa vibarua kiwandani. Tukayaficha, na daftari lenye majina ya kweli nililipeleka kulala chini ya godoro langu. Mama Astrida nilimweleza kwamba naye anaweza kufichwa. Nilimweleza vizuri, bila kumsukuma, kwamba watu wa kiwanda watajua. Alifikiri kweli, nikaona anafikiri, akifuata mstari wa nailoni ya meza kwa ukucha. Halafu akasema, "Andika jina yangu yote. Kisima haiwezi kujificha." Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kidole gumba chake na hakuna muhuri hata mmoja. Papa Kalenga aliutazama ukurasa ule mtupu namna mtu anavyotazama mtoto anayetoka nje bila sweta, kisha akanirudishia.

Safari hii walijibu upesi: wanakuja. Akaja mwanamke mmoja tu, wa makamo, mwenye kofia na viatu vya kutembea, sisi tukamwita Madame, pamoja na mkalimani wake Bwana Hamisi, mtu wa Tanga, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Papa Kalenga alifurahi sana kukisikia. Alimshika mkono hakuuachia. Kiwanda nacho kilimtuma mtu wake wa uhusiano, mwenye suti nyepesi, na kilikuwa kimeandaa chakula cha mchana katika jumba lake la wageni. Hesabu yao ilikuwa rahisi: nusu saa mtaani, kisha kuku. Papa Kalenga alikuwa na hotuba mfukoni. Lakini walipofika kwa Mama Astrida walikuta uani mbabula mbili, yale majiko yetu ya makaa, zimekwisha kuwaka, makaa mekundu, na sufuria mbili sawa. Moja ilikuwa na maji ya kisima, nyingine maji ya bomba la parokia niliyoyabeba mimi kichwani asubuhi ile, shingo inauma. Mtu wa suti alipoambiwa kilichokusudiwa akacheka. "Maharage mengine ni ya zamani tu, Madame. Yanazeeka yanakuwa magumu."

"Ni kweli," akasema Mama Astrida. "Basi Madame achague yeye."

Madame alikwenda mwenyewe mpaka dukani kwenye kona, akanunua maharage ya gunia moja, Bwana Hamisi akayagawa kwa kikombe kilekile, huku na huku. Kisha Madame akauliza itachukua muda gani. Aliambiwa, kama hana haraka, mpaka saa saba. Mtu wa suti akatazama saa yake, akataja chakula. Madame akavua kofia, akavuta kigoda, akaketi. Nataka vijana wanielewe hapa: sufuria zile hazikuwa ushahidi wa maabara, na Madame alijua hivyo kuliko sisi. Lakini zilimkalisha. Kwa muda ule wote aliketi uani pale, na watu wakazoea kofia yake, wakaanza kusema. Alitembezwa bustanini akashika majani yaliyoungua. Alijaza chupa zake za maji, akazibandika karatasi, akaandika saa. Waliotaka kufichwa walikuja mmoja mmoja "kuomba moto", wakachutama karibu na Bwana Hamisi, wakasema yao, wakaondoka na kaa la moto kwenye kibati. Hotuba ya Papa Kalenga ilibaki mfukoni. Alikuwa na kazi ya kupepea mbabula, na alipepea zote mbili kwa haki sawa, kwa hatua na kipimo, mtu wa suti akimkodolea macho asione kosa.

Saa saba sufuria ya parokia ilikuwa ikinukia vitunguu, maharage yamepasuka, mchuzi mzito. Bwana Hamisi akachota punje ya sufuria ya pili, akaipuliza, akaitia kinywani. Tukasikia mlio. "Lahaula!" akasema, mkono shavuni, na hapo hata mtu wa suti aliinamisha kichwa ili tusimwone anacheka. Tulikula ile sufuria iliyoiva, na bukari, Madame kwa mkono kama sisi. Kuku wa kiwanda sijui nani alimla.

Mambo hayakumalizika kwa shibe. Miezi ilipita, chupa zikapimwa, barua zikaenda na kurudi, na tukafanya vikao viwili na kiwanda mbele ya Madame, ambapo Papa Kalenga alijifunza kusema sentensi moja kisha kumtazama Mama Astrida amalizie. Katika yale madai kumi na manne yalibaki matatu, ya kwake: maji safi mtaani, mfereji uzibwe kuta zake zisivuje, na bustani. Mawili tulipata. Udongo wa bustani haukupona. Alipewa kiwanja kingine upande wa juu wa mfereji, kidogo kuliko cha kwanza, na alikipokea bila kusema asante. Kwa hiyo hatukushinda kila kitu, na mtu akikwambia kwamba taasisi za mbali hurudisha kila kitu, mwombe akuonyeshe. Ila Kolwezi hakwenda.

Robine ilipokuwa tayari, kiwanda kilitaka sherehe. Hema, viti vya vitambaa vyeupe, utepe mwekundu, mkurugenzi akate saa nne kamili na kusema neno juu ya zawadi ya kampuni kwa majirani zake. Ratiba ilipigwa taipu na mimi. Nilifika kupanga viti jua linachomoza, nikakuta ndoo zimepangwa mstari mpaka njia ya pili, na Mama Astrida wa kwanza, amevaa kitenge chake cha Pasaka.

"Mama, bado," mlinzi alikuwa akimwambia. "Bakubwa habajafika."

"Bakubwa ya nani?" akasema Mama Astrida. Akainama chini ya utepe, taratibu, bila kuukata, akafungua. Bomba likakohoa, likatema maji mekundu ya kutu, kisha yakaja meupe. Akayaonja kiganjani. Akayaacha mdomoni muda mrefu, amefumba macho. Halafu akameza, akageuka kwenye ule mstari. "Kuyeni," akasema. Tukaenda, tukachota.

Saa nne wakubwa walikuta tope limefika mpaka chini ya viti vyeupe. Mkurugenzi akatazama viatu vyake, akauliza nani ameifungua. Mama Astrida alikuwa ameketi safu ya mbele, ndoo yake miguuni. "Benyewe," akamjibu. Utepe ulikatwa hata hivyo, watu wakapiga makofi kwa adabu, na hotuba ilikuwa fupi kuliko ilivyoandikwa.

Jioni, sebuleni, nilimsomea Papa Kalenga rasimu ya taarifa ambayo ilibidi tuitume kwa Madame. Nilikuwa nimeandika kama ratiba ilivyosema: saa nne, ufunguzi rasmi, mkurugenzi wa kampuni, wakazi walipewa maji. Mzee aliyelipenda neno Mheshimiwa kuliko chumvi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kalamu yangu, akafuta mistari miwili.

"Andika saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Na usiandike walipewa. Andika walifungua wenyewe."